Miche Iliyogeuka Manjano

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Muindi alimwagilia miche yake ya michungwa. Ilikuwa mia moja na ishirini. Aliikuza katika mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia. Aliipanga safu nane nyuma ya nyumba yao ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, katika mtaa wa Mbotela, Nairobi. Safu ya mwisho ilikuwa imeegemea ukuta.

Mkewe, Koki, mama wa Nyamai na wadogo zake, ndiye aliyechota maji. Aliamka mapema na kupanga foleni kwenye mfereji pamoja na majirani. Mwaka huo wa 1984 foleni ilikuwa ndefu, na watu hawakuongea sana. Mvua ilikuwa imekosekana. Unga mweupe haukuonekana dukani. Watu walikula ugali wa mahindi ya manjano, na wengine walilala bila kula hata huo.

Muindi alikuwa dereva wa lori la mbao. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kampuni ilimwambia kazi yake itakwisha Desemba. Hapo atarudi nyumbani Makueni, kwenye ardhi ya marehemu baba yake, ambako ndugu yake Mutisya alikuwa akiishi.

Mutisya alikuwa ameandika barua fupi. "Ng'ombe wote wamekufa isipokuwa mmoja. Mahindi hayakutoa hata gunzi. Leteni hiyo miti. Hatuna kitu kingine."

Kwa hiyo miche ile haikuwa mapambo. Ilitakiwa kupandwa Makueni mvua ya Novemba itakapoanza. Ndiyo iliyokuwa itunze nyumba mbili.

Mwezi wa Juni, majani yakaanza kugeuka manjano.

Muindi hakuogopa mwanzoni. "Inataka majivu," alimwambia mkewe. "Baba alimwaga majivu kwenye kila mti, na mchwa hawakuugusa. Miti yake ilistawi."

Basi akawa analeta gunia la majivu kila wiki kutoka kwa mama mmoja aliyepika chakula cha wafanyakazi kando ya Industrial Area, eneo la viwanda. Alitia konzi mbili kwenye kila mkebe. Majani yakazidi kuwa manjano. Akatia konzi tatu. Majani ya chini yakaanza kudondoka. Akatia nne.

Jirani yao wa mkono wa kulia alikuwa mzee Dedan, fundi seremala. Alikuwa na kibanda katika soko la Gikomba, akitengeneza viti na vitanda. Aliishi na binti yake Waithera, aliyeshona nguo kiwandani. Lakini kabla ya kuwa seremala, Dedan alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye shamba kubwa la michungwa upande wa Thika. Alianza kama mpuliza dawa. Alipoacha, alikuwa nyapara.

Jioni moja Dedan alisimama kwenye ua, akatazama miche kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu Muindi," alisema, "punguza hayo majivu. Miche yako haijakosa majivu. Imekosa kitu kingine."

Muindi hakuinua kichwa. "Wewe ni fundi wa viti, mzee."

"Nimefanya kazi ya machungwa pia."

"Basi kalime yako."

Dedan akageuka. Akaingia ndani.

Kufikia Julai miche ishirini ilikuwa imekufa. Matawi yalikauka kutoka nchani. Koki aliitoa mikebe ile mmoja mmoja na kuirundika kando. Usiku Muindi hakulala vizuri. Mchana alifoka kwa mambo madogo. Koki aliona kwamba Novemba ikifika watakwenda Makueni mikono mitupu.

Muindi aliposafiri kupeleka mbao Mombasa, Koki akaenda kwa jirani. Dedan alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti mlangoni.

"Baba Waithera," alisema Koki, "nimekuja bila mume wangu kujua. Kuna dawa?"

Dedan akaweka msasa chini. "Ipo, Mama Nyamai. Si ghali. Ni chumvi ya haluli."

"Haluli? Ile ya kusafisha tumbo?"

"Hiyo hiyo. Inauzwa duka la dawa. Ninayo kidogo, na bomba langu la kupulizia bado ninalo. Lakini mwenye miche hataki nimshauri."

"Jaribu safu moja tu," Koki alimsihi. "Ile ya ukutani. Ikipona, mimi mwenyewe nitamwambia. Isipopona, tutanyamaza."

Dedan akafikiri. "Sipendi kufanya jambo kwa kificho."

"Tafadhali. Watoto wa shemeji yangu wanakula mizizi ya porini."

Dedan akakubali. Asubuhi ya kesho yake, kabla jua halijawa kali, alipulizia miche kumi na mitano ya ukutani. Alimwambia Koki asitie majivu kwenye safu ile, hata mumewe akimwagiza. Koki akatii. Kwa sababu ya macho yake, Muindi sasa alimwachia Koki kusambaza majivu, naye kila mara aliruka safu ya ukutani.

Wiki mbili baadaye Muindi alitakiwa kusafiri tena. Ilikuwa Jumamosi. Dedan akaja na bomba lake mgongoni kupulizia mara ya pili. Alichanganya unga mweupe kwenye ndoo na kukoroga kwa kijiti. Koki alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

Hawakujua kwamba lori lilikuwa limeharibika kabla ya kutoka Industrial Area. Muindi alirudi kwa miguu. Alipita upande wa nyuma, na hapo akamwona jirani yake katikati ya miche, akinyunyiza maji ya unga mweupe.

"Kumbe ni wewe!" Muindi alipiga kelele. "Kumbe ni wewe unayeniulia miti!"

"Ndugu yangu, ngoja nikueleze..."

"Sumu! Anamwaga sumu! Njooni mwone!"

Watu wakatoka kwenye foleni ya mfereji. Walikuwa na njaa, na wamechoka, na hasira yao haikuwa na pa kwenda. Mmoja akaonja unga ule kwa ulimi, akatema. "Ni chungu!" alisema. "Ni sumu kweli!"

Muindi akashika mpini wa koleo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akapiga. Dedan aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mpini ukamwangukia kwenye kifundo cha mkono. Kila mtu alisikia mlio wa mfupa. Kisha wengine wakaingia kwa mateke na ngumi.

Koki alifungua mdomo. Alitaka kusema, "Mimi ndiye niliyemwita." Maneno hayakutoka. Aliutazama ule mpini. Aliwatazama wale watu.

Dedan alianguka kati ya mikebe. Alimtazama Koki mara moja. Hakulitaja jina lake.

Waithera ndiye aliyemwokoa. Alijitupa juu ya baba yake na kupiga mayowe mpaka watu wakaona aibu, wakarudi nyuma. Alimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea maji. Mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Daktari aliufunga plasta. Akasema huenda vidole havitakunjika tena vizuri.

Waithera alitaka kwenda polisi, lakini Dedan alimkataza.

"Kwa nini, Baba? Wamekuulia mkono!"

"Nimesema hapana," alijibu Dedan. Hakueleza zaidi.

Baada ya siku ile, mlango wa Dedan ulibaki umefungwa. Kibanda chake Gikomba kilichukuliwa na fundi mwingine, maana seremala asiyeweza kushika randa hana kazi. Waithera alishona kiwandani mchana, na jioni alishona nyumbani. Akikutana na Koki kwenye mfereji, alitazama pembeni.

Koki alikonda. Kanisani hakuweza kuimba. Kila Muindi alipomkabidhi majivu, alitaka kusema, akaogopa. Aliahirisha mpaka kesho, kisha mpaka kesho kutwa. Miche ikaendelea kufa. Mwisho wa Agosti ilibaki sitini na minne, nayo mingi ilikuwa vijiti vyenye majani machache ya manjano juu.

Isipokuwa safu ya ukutani. Pale majani machanga yalichipua, mapana, ya kijani kibichi. Hata baadhi ya majani ya zamani yalirudisha rangi. Miche yote kumi na mitano ilikuwa hai.

Jumapili moja ya Septemba, Muindi aliinama kwenye safu ile. Akasogeza uso karibu, kwa sababu ya macho yake.

"Mama Nyamai, njoo uone," aliita. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Koki hakuwa ameisikia tangu mwaka uanze. "Mungu ametuachia safu hii. Yule mzee alimwaga sumu yake, lakini haikufanya kazi."

Koki akasogea karibu naye.

"Haikuwa sumu," alisema.

"Unasema nini?"

"Ilikuwa haluli. Ni dawa ya miti. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia ajaribu safu ya ukutani tu. Na tangu siku hiyo majivu yako sikuyatia hapo hata mara moja." Akapiga magoti. "Ulipompiga nilikuwa pale. Nilijua. Nikanyamaza."

Muindi akainuka. Alitazama safu ya ukutani, kisha akatazama zile saba nyingine. Alihesabu kwa kidole, kama mtoto. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa mikono yake.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza hatimaye.

"Ulikuwa na mpini mkononi."

Walikaa hapo mpaka jua likapanda. Kisha Muindi akasimama. "Twende," alisema.

Waithera ndiye aliyefungua mlango. Alipowaona alisimama kati, mikono kiunoni.

"Mmekuja kummalizia?"

"Tumekuja kuomba msamaha," alisema Muindi.

"Waache waingie," sauti ya Dedan ilisema kutoka ndani.

Mzee alikuwa ameketi kitandani. Plasta ilikuwa imetolewa. Mkono ulikuwa mwembamba, umepinda, na vidole vitatu vilikuwa vimenyooka kama vijiti. Muindi alipouona alipiga magoti. Alisema yote. Koki naye akasema yake.

Dedan alisikiliza bila kuwakatiza.

"Baba Waithera," Koki akauliza huku akilia, "kwa nini hukunitaja siku ile? Ungenitaja wangekuacha."

"Ningekutaja, angekugeukia wewe na ule mpini," alijibu Dedan. "Niliyaona macho yake. Mimi nina mifupa ya kizee, lakini wewe una watoto."

Muindi akainamisha kichwa mpaka kikagusa sakafu.

Waithera akasema, "Msamaha wenu ni wa humu chumbani. Baba yangu alipigwa nje, watu wote wakiona. Mpaka leo ukienda dukani wanamwita mtu wa sumu. Kama mnajuta, kasemeni huko huko nje."

"Tutasema," alijibu Koki. "Kesho, kwenye mfereji."

"Nitakuwepo," alisema Waithera.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Koki alisimama mbele, kwenye jiwe la kufulia, ili kila mtu amwone. Muindi alisimama kando yake bila kofia.

"Majirani," Koki alisema, "mzee Dedan hakumwaga sumu. Alikuwa akitibu miche yetu. Mimi ndiye niliyemwita kwa siri. Mlipompiga nilinyamaza. Dhambi ni yangu."

"Na mimi ndiye niliyevunja mkono wake," alisema Muindi. "Sikuuliza. Nilipiga tu."

Maji yalifurika kwenye mtungi wa mtu, na hakuna aliyeufunga mfereji. Yule aliyeonja unga siku ile aliondoka taratibu na ndoo yake tupu. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilipiga teke." Akaanza kulia. Waithera alisikia yote. Kisha akachota maji yake, akaenda zake. Hakusema ahsante, na hakuna aliyeitarajia.

Jioni ile Dedan alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alikwenda nyuma ya nyumba ya Muindi, Koki akimshika bega.

"Miche mingapi imebaki?" aliuliza.

"Sitini na minne, mzee," alisema Muindi.

"Lete kiti. Sikilizeni vizuri. Siwafundishi kwa sababu nimesahau. Nawafundisha kwa sababu miti haijamkosea mtu."

Akachuma jani moja la chini kwa mkono wa kushoto.

"Tazameni. Hili ni jani kuukuu. Kingo zake ni za manjano. Lakini hapa karibu na kikonyo pamebaki kijani, kimechongoka kama paa la nyumba. Mnaona?"

Muindi alisogeza jani machoni. "Naona."

"Ukiona alama hiyo kwenye jani kuukuu la mchungwa, mdimu au mlimau, ujue mti umekosa magnesiamu. Hicho ni chakula kilichomo udongoni. Mti huchukua kidogo tu, lakini bila hicho hauwezi kutengeneza ile rangi ya kijani. Na ile rangi ndiyo inayopokea jua na kuutengenezea mti chakula. Kijani kikiisha, mti unakufa njaa huku unamwagiliwa."

"Kwa nini majani ya chini yanaanza?" aliuliza Koki.

"Mti ukikosa magnesiamu, huitoa kwenye majani makuukuu na kuyapa machanga. Ndiyo maana ya juu hubaki kijani kwanza. Kama machanga ya juu ndiyo yanayoanza kuwa manjano, huo ni ugonjwa mwingine. Na kama jani zima limepauka bila kubakiza kijani hata kwenye kikonyo, hilo nalo ni jambo jingine, mara nyingi ni upungufu wa samadi. Usitibu kabla hujatazama."

"Na majivu?" Muindi aliuliza polepole.

"Majivu si mabaya. Konzi moja mara chache haidhuru. Lakini majivu yana potasiamu nyingi. Mizizi ikijazwa potasiamu, inashindwa kuchukua magnesiamu. Na mikebe hii uliijaza mchanga wa mto, ambao tangu mwanzo una magnesiamu kidogo. Kila ulipoona manjano, uliongeza kile kile kilicholeta manjano."

Muindi aliliweka jani chini. Kisha akauliza, "Tufanye nini, mzee?"

"Kwanza, acha majivu kabisa. Toa mchanga wa juu uliojaa majivu, weka udongo mzuri uliochanganywa na mboji. Pili, nunua chumvi ya haluli. Vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Koroga mpaka iyeyuke yote. Pulizia majani juu na chini, asubuhi mapema au jioni, si jua kali. Rudia kila baada ya wiki mbili, mara tatu au nne. Usizidishe vijiko ukidhani itapona haraka. Ukizidisha utachoma majani."

"Majani haya ya manjano yatarudi?"

"Yaliyoharibika sana yatadondoka. Usiyahesabu. Hesabu yatakayochipua. Na mkifika Makueni, kabla ya kuchimba mashimo, mpelekeeni bwana shamba udongo upimwe. Kama una asidi nyingi, atawaambia mtie chokaa ya dolomaiti. Ina magnesiamu ndani yake, na hukaa udongoni muda mrefu. Lakini pimeni kwanza."

Muindi akavaa bomba la Dedan mgongoni. Dedan aliketi kwenye kiti, akimwelekeza. "Inua mkono. Chini ya jani. Taratibu." Alizoea kuifanya kazi ile mwenyewe, na sasa mkono wake ulilala tu kwenye paja.

Miche mingine minne ilikufa. Sitini ilipona. Mvua ya Novemba ilinyesha, na miche ikasafirishwa Makueni kwa lori lile lile la mbao, katika safari ya mwisho ya Muindi. Udongo ulipimwa, mashimo yakachimbwa. Kila msimu wa mvua, majani yakianza kutoka, Koki na Mutisya walitazama majani makuukuu kwanza. Walipoona ile alama ya paa la nyumba, walipulizia haluli. Majirani walikuja kuuliza, nao wakaonyeshwa. Koki hakuwafundisha bila kuwaambia aliyemfundisha, na kilichompata.

Mwaka wa 1988 michungwa ilizaa vizuri kwa mara ya kwanza. Mutisya aliuza magunia mengi katika miji ya Wote na Machakos. Watoto wake walirudi shuleni.

Muindi na Koki walipeleka gunia moja Mbotela. Walimkuta Dedan ameketi mlangoni, amezeeka. Waithera aliwapokea gunia, akawapa viti, akarudi kwenye cherehani yake.

Dedan alichukua chungwa moja. Aliligeuza, akalinusa, akalipima uzito. Akajaribu kulimenya. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika. Chungwa likamponyoka, likabiringika kwenye sakafu.

Cherehani ikanyamaza.

Muindi aliliokota. Alilifuta kwa shati lake, akatoa kisu mfukoni, akalimenya polepole mpaka likawa jeupe. Akaligawa vipande. Akampa mzee kimoja kimoja, katika mkono wa kushoto, mpaka likaisha.

"Ni tamu," alisema Dedan. "Menya jingine."